Kufuga Kisichofugika: Kitenzi Kimoja na Wanyama wa Mwitu katika Mkoa wa Mara

Katika miaka ya 1960 palikuwa na fisi huko Seronera, katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, aliyeitwa Solomon. Alikuwa amelelewa tangu utotoni na Hans Kruuk, mwanazuoni wa Kiholanzi ambaye kitabu chake kuhusu fisi madoa, kilichochapishwa mwaka 1972, kiliwathibitishia wengi kwamba fisi ni mwindaji hodari na si mla mizoga tu. Huko Ngorongoro simba ndio waliokuwa wakiwapora fisi mawindo yao mara kwa mara. Kruuk alimpenda Solomon, na angependa kuendelea kukaa naye. Tatizo lilikuwa jibini. Solomon aliingia katika baa ya watalii kulifuata, na akaifuata nyama ya nguruwe hadi kwenye meza ya kifungua kinywa ya mhifadhi mkuu, wala haukupatikana mlango wa kumzuia. Mwishowe alipelekwa katika bustani ya wanyama ya Edinburgh, nchini Uskoti, akamalizia maisha yake huko.

Je, Kruuk alimfuga Solomon? Swali hili linaonekana jepesi, na mzungumzaji yeyote wa Kiswahili angelijibu bila ya kufikiri. Hata hivyo, jibu lake linategemea kitenzi ambacho historia yake katika nchi hii si nyepesi hata kidogo. Mhadhara huu unakifuatilia kitenzi hicho katika eneo moja, yaani nchi iliyo kati ya Ziwa Viktoria na mbuga za Serengeti, penye miji ya Musoma na Bunda na kijiji cha Butiama. Pale ambapo jambo la Mara halieleweki bila ya kulilinganisha na la mahali pengine, mhadhara unatoka nje ya mipaka hiyo.

Kamusi zinakubaliana kwamba kufuga ni kumweka mnyama au ndege na kumtunza. Matumizi yake, hata hivyo, ni mapana zaidi. Mtu hufuga ng'ombe, kuku na nyuki. Hufuga ndevu, nywele na kucha. Hufuga maradhi kwa kutokwenda kutibiwa. Na katika pwani hufuga jini. Mambo hayo yote yana sifa moja: kitu chenye uhai au nguvu yake chenyewe, ambacho kingeweza kuondoka, kukatwa au kufukuzwa, kimeachwa kikae chini ya mkono wa mtu kwa hiari ya mtu huyo. Mapenzi hayamo katika kitenzi hiki. Kinachotajwa ni nani mwenye kitu na nani wa kuulizwa kitakapodhuru. Mwenye ng'ombe aliyeingia katika shamba la jirani hulipa. Mwenye jini, kadhalika, hulaumiwa kwa kazi ya jini lake.

Sarufi nayo inaongeza neno lake. Ng'ombe, mbuzi na kondoo, wakitajwa kwa majina yao, huchukua upatanishi wa viumbe hai: ng'ombe wake amepotea. Wakiitwa kwa nomino inayotokana na kitenzi hiki, huhamia katika ngeli ya miti na mizigo: mifugo yake imepotea. Si busara kuzidisha fasili ya jambo kama hilo, kwa kuwa ngeli si falsafa. Lakini inafaa kukumbukwa kwamba Kiswahili kinapomtazama mnyama kama kitu kilichofugwa, humtoa kwa muda katika safu ya wenye pumzi na kumtia katika safu ya mali.

Kando ya kufuga kipo kitenzi kingine, kulea. Anayelea anatazamia kwamba aliyelelewa atakua na kuondoka. Anayefuga anatazamia kwamba kilichofugwa kitabaki. Tofauti hii ndiyo iliyotatanisha kisa cha simba watatu walioletwa Serengeti mwaka 1961.

Mama yao ni Elsa, simba maarufu kuliko wote wa karne ya ishirini. George Adamson, askari wa wanyamapori katika kaskazini ya Kenya, alimwua mama yake Elsa mwaka 1956, akawaleta nyumbani watoto watatu wa kike. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam. Wa tatu alibaki na George na mkewe Joy, akaishi nao kama mtu wa nyumbani, kisha akafunzwa kuwinda na kurejeshwa porini. Kitabu cha Joy kilichotoka mwaka 1960 kiliieneza habari hiyo duniani kote. Elsa alizaa watoto watatu, Jespah, Gopa na Elsa Mdogo, na alipokufa kwa maradhi Januari 1961 walikuwa wangali wadogo. Bila mama wa kuwafunza, walianza kuvamia mbuzi wa wanavijiji waliokuwa jirani, na Jespah akachomwa mshale. Kwa maneno mengine, simba waliozaliwa na simba wa kufugwa walikuwa wakila mifugo ya watu ambao hawakushauriwa wakati ufugaji huo ulipoanza. Serikali ya huko haikuweza kuvumilia, ndipo simba hao wakakamatwa na kusafirishwa hadi Serengeti, wakafunguliwa humo mwezi Mei 1961.

Tarehe hiyo ina uzito wake. Mwezi huo huo Tanganyika ilipata serikali ya madaraka ya ndani, na Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, akawa Waziri Mkuu. Septemba ya mwaka huo aliweka saini tamko la Arusha kuhusu wanyamapori, lililotangaza kuwa wanyama hao ni dhamana ya taifa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Inasimuliwa pia kuwa alisema yeye binafsi hana shauku kubwa na wanyama na asingependa kutumia likizo yake kuwatazama mamba, ijapokuwa anaunga mkono kabisa wahifadhiwe. Wapo waliolichukua neno hilo kuwa mzaha. Kwa mtu aliyekulia katika nchi ya Wazanaki halikuwa mzaha. Mamba wa mto Mara na wa ziwa hawakuwa mandhari kwa wenyeji wake. Walikuwa majirani wabaya waliokula watu.

Wakati simba wa Adamson wakisafirishwa kuja kupewa makao, Waikoma, Wanata na wawindaji wengine wa magharibi ya Serengeti walikuwa tayari wamepoteza haki ya kuwinda katika nchi ya mababu zao. Hifadhi iliundwa mwaka 1951, na taratibu kazi yao ikapata jina jipya, ujangili. Kitenzi kilichotawala tangu hapo ni cha tatu, kuhifadhi, chenye asili ya Kiarabu. Hakitaji mnyama mmoja wala mtu mmoja. Kinataja eneo, askari na mipaka. Joy Adamson, aliyerudi tena na tena kuwatafuta watoto wa Elsa katika mbuga hizo, aligundua kwamba mwenye kulea hana cheo maalumu mbele ya mwenye kuhifadhi. Alihitaji ruhusa, na ruhusa ilikuwa na ukomo.

Hayo ni ya upande wa mashariki wa mpaka wa hifadhi. Upande wa magharibi, katika vijiji vya Bunda na kuelekea Usukuma, fisi anayefugwa ana historia nyingine kabisa, na katika historia hiyo hakuna jibini.

Bunda ni mahali pa kukutania lugha. Ipo katika barabara ya Mwanza na Musoma, na Wasukuma wameishi humo kwa muda mrefu pamoja na Waikizu, Wajita na wengineo. Lugha yao ya pamoja ni Kiswahili, na kitenzi kufuga kimebeba ndani yake dhana za jamii zote hizo. Mojawapo ni imani, iliyoenea sana katika Usukuma na kwingineko katika bara la Tanzania, kwamba wachawi hufuga fisi, huwapanda usiku kama punda, na kuwatuma kwa adui. Ng'ambo ya mto Mara, miongoni mwa Wajaluo, hadithi kama hiyo husimuliwa kuhusu wakimbiaji wa usiku, ambao hudaiwa kuwatiisha chui, viboko au mamba.

Hapa ni lazima kutofautisha kufuga kwa mchana na kufuga kwa usiku. Wasukuma wana chama cha Bayeye, mafundi wa nyoka, ambacho Hans Cory alikichunguza na kukiandikia makala mwaka 1946. Bayeye hukamata nyoka, hukaa nao, hucheza nao ngoma mbele ya halaiki, na wanajua dawa za sumu yao. Chatu anayezungushwa shingoni mwa mchezaji ni wa kufugwa waziwazi. Mwenyewe anajulikana, na akiumwa mtu porini, yeye ndiye anayeitwa. Mfugaji huyo ni mganga. Mfugaji wa fisi, kwa upande mwingine, hajawahi kuonekana akimlisha fisi wake. Ufugaji wake hujulikana kutokana na matokeo: mtoto aliyekufa, ng'ombe aliyetoweka, fisi aliyepita karibu mno na nyumba bila ya kuogopa.

Tuseme Solomon angetoka Seronera na kushuka hadi Bunda. Fisi asiyeogopa watu, anayesukuma mlango na kuingia ndani kutafuta chakula, angekuwa ushahidi uliokamilika. Swali la kwanza lingekuwa ni wa nani, na jibu lisingekuwa Mholanzi mwenye daftari. Aghalabu jibu lilikuwa mwanamke mzee anayeishi peke yake. Tangu miaka ya 1970 hasa, mikoa ya Kanda ya Ziwa imeshuhudia mauaji ya wazee, wengi wao wanawake, kwa tuhuma za uchawi. Macho mekundu, ambayo ni alama ya miaka mingi ya kupikia katika moshi, yalihesabiwa kuwa dalili. Si kila tuhuma ilihusu fisi, wala si haki kusema kwamba neno ndilo lililoua. Visababishi vya ardhi, urithi na maradhi vimechunguzwa na wanazuoni wa sayansi ya jamii kwa undani. Lakini tuhuma huhitaji sentensi, na sentensi huhitaji kitenzi. "Anafuga fisi" ni sentensi isiyoweza kukanushwa, kwa sababu kitenzi chake hakidai kamba, zizi wala chakula. Kama mtu anaweza kufuga maradhi bila ya kuyaona, kwa nini asifuge fisi bila ya kuonekana naye?

Mwendo huu wa maana unaonekana kwa uwazi zaidi katika Unguja, ambako aliyelipa ni mnyama mwenyewe. Kisiwa hicho kilikuwa na chui wake, mdogo kuliko wa bara, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1932. Watu wa mashamba walitofautisha chui wa porini na chui wa kufugwa, na kwa kadiri mashamba yalivyopanuka na chui walivyozidi kuwakaribia watu, ndivyo walivyozidi kuhesabiwa kuwa wa kufugwa, yaani waliotumwa. Martin Walsh na Helle Goldman, waliolitafiti jambo hili kwa miaka mingi, wameonyesha jinsi kampeni iliyofuata Mapinduzi ya 1964, ikiongozwa na mganga maarufu aliyejulikana kwa jina la Kitanzi, ilivyounganisha kuwafichua wachawi na kuwaua chui. Uwindaji uliendelea baadaye kwa baraka za dola, na kufikia miaka ya 1990 wataalamu wengi waliamini kwamba chui huyo amekwisha au yu karibu kwisha. Ndipo likatokea jambo la ajabu: baadhi ya watu wa uhifadhi wenyewe walianza kuwatafuta wafugaji wa chui, wakitumaini kwamba, ikiwa chui wa porini hawapo, huenda wale wa kufugwa wapo bado na wanaweza kuonyeshwa kwa wageni. Hawakuonyeshwa. Kitenzi kilikuwa kimeishi kuliko mnyama.

Pwani, bila shaka, ilijua pia ufugaji wa wanyama wa mwitu usio na hofu wala siri. Ngawa walifungiwa vizimbani ili wakamuliwe zabadi, malighafi ya manukato. Na mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga katika baraza la mfalme wa China. Lakini hiyo ni biashara na diplomasia, na mwenye mali alijulikana.

Kurudi Mara, ipo namna nyingine ya kuishi na mnyama ambayo kitenzi kufuga hakiwezi kuitaja, na pengine ndiyo ya kale zaidi. Katika Butiama upo msitu mdogo uitwao Muhunda. Umepewa jina la nguvu inayowalinda Wazanaki, ambayo, kwa mujibu wa mapokeo, huweza kujidhihirisha kwa umbo la mnyama. Msitu haukatwi ovyo. Mnyama akionekana humo haulizwi ni wa nani, kwa sababu wenyewe wenye kumilikiwa ni watu. Jamii za magharibi ya Serengeti huziita nguvu za mahali za namna hiyo kwa jina lenye shina la -sambwa, na shina hilo hilo linapatikana mbali ng'ambo ya ziwa, katika Kiganda, ambako misambwa ni roho za mahali zinazohusishwa na chatu, chui na mamba. John Roscoe, katika kitabu chake cha mwaka 1911 juu ya Waganda, alieleza habari za nyumba ya chatu huko Buddu, karibu na ziwa, ambako mwanamke mlinzi alimnywesha nyoka huyo maziwa. Kwa mtazamaji wa nje huyo ni chatu wa kufugwa. Kwa waliokwenda kumwomba watoto na samaki, mfugaji hakuwa yule mwanamke.

Mpaka baina ya mambo haya mawili ungeweza kuvukwa. Lutembe, mamba wa pwani ya ziwa kati ya Kampala na Entebbe, katika miaka ya 1930 alikuwa kivutio cha wageni: wavuvi walimwita kwa jina, naye akatoka majini kupokea samaki, huku Wazungu wakimpiga picha. Heshima ya kale iligeuka onyesho. Mahali hapo pangali pakiitwa kwa jina lake.

Wavuvi wa Musoma wanatazama ziwa hilo hilo, lakini mtu wa Musoma akimwokota leo kobe au mtoto wa swala akamweka nyumbani, atakutana na msamiati wa nne, ule wa mahakama. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kama ilivyokuwa chini ya ile ya 1974 iliyoitangulia, mnyamapori aliyekamatwa bila ya kibali huhesabiwa kuwa nyara ya Serikali. Neno nyara lilikuwa la vita: mali iliyotekwa kwa adui. Haikuwa rahisi kupata neno lililo mbali zaidi na kulea. Sheria ina sababu zake, na nchi ambayo faru na tembo wake waliuawa kwa wingi katika miaka ya 1970 na 1980 haiwezi kulaumiwa kwa ukali. Lakini mtoto anayemlisha kobe majani ya mchicha hawezi kuelewa kwamba ana nyara mkononi, na lugha haimsaidii. Istilahi mnyama kipenzi, inayoonekana sasa magazetini na katika matangazo ya madaktari wa mifugo wa mijini, imebuniwa kwa ajili ya mbwa na paka wa nyumba zenye geti. Bado haijafika vijijini, na ikifika itakuta kitenzi kufuga kimekwisha kukaa kitini.

Kisa cha mwisho kinatoka Nyakach, katika Kenya, kwa Wajaluo wenye lugha moja na wale wa Rorya katika Mkoa wa Mara. Mwaka 1987 chatu jike aliyeitwa Omieri aliungua katika moto wa nyasi. Wenyeji, waliomhusisha na mvua na mavuno mema, walisononeka. Habari ikawa ya taifa zima, na chatu akapelekwa Nairobi kutibiwa katika bustani ya nyoka ya makumbusho, ambako alikufa. Mwaka 2003 chatu jike mwingine alionekana katika eneo hilo hilo, akataga mayai karibu na makazi ya watu, naye akaitwa Omieri. Mjadala ukazuka. Wapo waliotaka ahamishwe kwa ajili ya usalama wa watoto na mbuzi. Wapo Wakristo waliouona ushetani. Na wapo waliosema aachwe, kwa kuwa amerudi. Kitenzi chao kilikuwa kurudi. Walimwekea chakula na kumlinda asidhuriwe, wakasubiri mvua, na hakuna aliyejitokeza kusema kwamba chatu huyo ni wake.